Folda ya Siku Zote

Kitu huzaliwa lini: siku kinapotokea, au siku kinapoandikwa kwamba kimetokea? Mtoto hana shaka; analia, na kilio chake ndicho tarehe yake. Lakini picha hailii. Picha hukaa kimya mahali ilipowekwa, ikimngoja mtu wa kuisemea, na mtu huyo akisema uongo picha haina mdomo wa kumkanusha. Haya Sikudhani hakuyawaza asubuhi ile alipoketi mbele ya kompyuta. Aliyawaza baadaye, na laiti kuwaza baadaye kungekuwa na thamani sawa na kuwaza mapema, asingekuwapo mtu mwenye aibu duniani.

Mji wao ulikuwa na jina zamani, lakini jina lile lilitamkwa na watawala wengi hata likachujuka kama kanga iliyofuliwa mno, watu wakabaki kusema Mji tu. Juu ya Mji alikaa mtu aliyejiita Mwenye Siku. Siku aliyokalia kiti iliitwa Siku, bila jina la pili, na amri yake ya kwanza ilikuwa kwamba kila nyumba ilete picha zake zote katika Jumba la Picha, ziingizwe kwenye kompyuta moja, zitunzwe kwa usalama. Watu wakapanga foleni Siku hiyohiyo, na kabla ya usiku wa manane picha zote zilikuwa zimeingia. Walileta picha za harusi na za jando, za watoto waliokalishwa juu ya mito, za marehemu waliopigwa picha wakiwa hawajui kuwa ndiyo ya mwisho. Makarani walimwuliza kila mmoja, hii ilipigwa lini, na jibu wakalichapa ndani ya faili la picha, mahali ambapo jicho halifiki. Karatasi zenyewe zikachukuliwa kwenda kusagwa, maana Mji ulikuwa na uhaba wa karatasi na matangazo ya Mwenye Siku yalikuwa mengi.

Sikudhani alikuwa fundi wa kompyuta katika Jumba lile, mwanamume aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia makamo, mpole, mwepesi wa kulewa sifa. Aliishi na mama yake, Bi Siwatu. Jina alipewa na mama huyo, kwa sababu kabla yake alikuwapo mtoto mwingine, Masika, aliyefariki hata kukimbia hajajua. Na huyu wa pili alipokuja mama alisema, sikudhani nitapata tena. Kwa hiyo kila Sikudhani alipoitwa, kaka yake naye aliitwa, kimyakimya. Alikuwa hajapata kulifikiria hilo. Nani hulifikiria jina lake mwenyewe? Jina ni la kuitikia.

Kazi aliyopewa na mkuu wa Jumba, Bwana Kitwana, ilikuwa nyepesi kuieleza. Picha zote zilizorundikana zipangwe katika folda, kila mwaka folda yake, na ndani ya mwaka kila siku folda yake. Kwa mkono ingekuwa kazi ya kumaliza macho. Sikudhani akaandika skripti, yaani amri fupi zinazofuatana mstari kwa mstari, ambazo mashine huzitii bila kuuliza sababu. Skripti ilitakiwa isome maelezo yaliyojificha katika kila faili, yale ambayo mafundi huyaita metadata: picha ni ya nyumba gani, inamwonyesha nani, ni ya lini. Kisha ilipe faili jina jipya kutokana na maelezo hayo, na kulihamishia kwenye folda yake. Alichagua kuhamisha badala ya kunakili. Kuhamisha kunapendeza, palipokuwa na fujo panabaki peupe kama ua uliofagiliwa, na mpita njia husema, nani kafagia hapa?

Akaiendesha. Majina yakapita kwenye kioo cha kompyuta kama mvua ya upepo. Yaliposimama alifungua ili azione folda zake za miaka, akaona folda moja. Juu yake palikuwa na tarehe ya Siku. Picha zote za Mji zilionekana kuwa humo: mabibi katika ujana wao, wajukuu wa mabibi hao, nyumba zilizobomoka na zilizojengwa mahali pake, wote wamelala pamoja kama mahindi ghalani.

Alielewa papo hapo, na hilo ndilo lililomuumiza baadaye, kwamba hakuwa mjinga. Kila faili lina tarehe mbili. Moja ni ya siku picha ilipopigwa, ile iliyosemwa na mwenyewe na kuchapwa ndani. Nyingine ni ya siku faili lilipoingia kwenye kompyuta, na hiyo mashine hujiandikia yenyewe. Skripti yake iliuliza hiyo ya pili. Mafaili yote yaliingia Siku ile. Kwa hiyo, kwa mashine, yote yalizaliwa Siku ile. Palihitajika kubadilishwa neno moja katika mstari mmoja. Alikuwa ameshanyoosha kidole.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia Bwana Kitwana, na nyuma yake Mwenye Siku mwenyewe, mtu mfupi mwenye sauti ndogo, amefunga vifungo vyote vya koti. Bwana Kitwana alikuwa akieleza jinsi kijana wake alivyopanga picha zote kabla ya chai. Mwenye Siku akainama, akasoma tarehe. Halafu akauliza taratibu, kama mtu anayeulizia njia:

"Ina maana kabla yangu hakukuwa na kitu?"

Ziko nafasi katika maisha ambazo mtu hupewa upana wa pumzi moja tu. Sikudhani alimtazama Bwana Kitwana, akaona anatabasamu bila kuelewa. Akakitazama kioo. Kidole chake kilikuwa bado kimenyooka, akakikunja.

"Mashine ndivyo inavyosema, mheshimiwa."

Ukiyapima maneno hayo moja moja hayana uongo. Mashine ndivyo ilivyosema. Ndiyo maana yalimkaa rohoni: uongo mtu anaweza kuutema, lakini ukweli uliotumwa kazi ya uongo hauna pa kutemewa. Mwenye Siku alimshika bega, bega la kulia, na mkono wake ulikuwa mwepesi na mkavu. Makarani waliokuwa wakisikiliza kutoka ukumbi wa Jumba walipiga makofi. Sikudhani aliwapigia makofi wanaompigia, kwa kuwa hakujua mikono aipeleke wapi.

Basi ikatangazwa. Kila kilicho katika Mji kilianza Siku ile, na asiyeamini aende Jumba la Picha akaone mwenyewe. Watu walikwenda, wakaona. Na kwa kuwa mwanadamu huzoea alichoandikiwa kuliko alichokumbuka, mambo yakaanza kuufuata mpango wa folda. Jua likasimama palepale lilipokuwa, juu kidogo ya paa la soko. Maharage yaliyoinjikwa hayakuiva, maana saa ya kuinjika na saa ya kuipua ilikuwa moja. Watu wakayala magumu wakasema ndivyo maharage yalivyo. Watoto wachanga hawakuota meno. Wachimba kaburi waliacha kuuliza marehemu alikuwa na umri gani.

Salamu ndiyo iliyokufa kwa namna ya kusikitisha zaidi. Watu walikutana njiani, mmoja akafungua mdomo kusema shikamoo, akasita. Kwani nani mkubwa kwa nani? Wote wamezaliwa Siku moja. Ajuza na msichana walitazamana kwa haya, kama wageni waliovaa nguo za aina moja harusini, halafu wakaitana mwenzangu. Amri ikafuata salamu: neno mwenzangu litumike kwa wote, na atakayemwamkia mtu kwa umri wake anaudharau Mji. Mabinti wakawaita mama zao mwenzangu. Wengine walidhani ni mzaha wakacheka, na baada ya kucheka mara nyingi hawakukumbuka walichokuwa wakikicheka.

Sikudhani alipewa kiti kwenye safu ya mbele na cheo cha Mpangaji. Aibu haikumjia kama watu wasemavyo, moto usoni. Ilimjia kama unyevu wa ukutani. Kwanza alama ndogo chini, ambayo mtu huisogezea kabati, halafu siku moja anaegemea na shati lote limelowa. Alianza kuzunguka njia za uchochoroni. Alianza kusifiwa na kujibu kwa kukohoa. Nyumbani alikula haraka na kuinuka kabla mama yake hajamaliza, kisha akasema ana kazi.

Alikuwa dirishani pa Jumba, zamu yake ya kusikiliza watu, Bwana Kitwana amesimama nyuma yake akihakikisha kila kitu kinakwenda, alipomwona Bi Siwatu kwenye foleni. Hakumwambia nyumbani kwamba atakuja. Alikuwa amevaa buibui lake la kwendea msibani, na foleni ilivyosogea ndivyo Sikudhani alivyozidi kutamani mtu aliye mbele yake awe na shida ndefu. Mtu yule alikuwa na shida fupi. Bi Siwatu akafika dirishani. Pumzi ya Bwana Kitwana ilikuwa karibu na sikio la Sikudhani.

"Karibu, mwenzangu," Sikudhani alisema.

Bi Siwatu alimtazama. Hakukasirika, alionekana kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Kisha akasema ahsante, wala hakuongeza mwenzangu wala mwanangu.

Alieleza haja yake kwa sauti ya chini. Alitaka kumwona Masika. Picha ile alikuwa akiitazama kila aamkapo, kabla hajasema na mtu, na aliitoa kwa sababu waliambiwa ni kwa usalama. Sasa alikuwa anaona uso wa mtoto unamtoka. Jana, kama bado kulikuwa na jana, alijaribu kuukumbuka akapata mto aliokalia na shuka iliyokuwa ukutani, yeye mwenyewe hakumpata.

Sikudhani alichapa jina la nyumba, akachapa mtoto wa kiume. Kioo kikaleta faili moja. Akalifungua, akajiona: yeye mwenyewe, mchanga, amekalia mto uleule mbele ya shuka ileile, ananyoosha mkono kwa mtu aliyekuwa nyuma ya kamera.

Hapo ndipo alipoona kosa la pili lililokuwa limelala chini ya lile la kwanza. Skripti iliwapa mafaili majina kwa nyumba, kwa mtu, na kwa tarehe. Nyumba ilikuwa moja. Wote wawili waliandikwa mtoto wa kiume, maana makarani hawakuandika majina ya watoto. Tarehe nayo ilifanywa moja. Kwa hiyo faili la Masika lilitangulia kuingia kwenye folda, likafuata lake lenye jina lilelile, likakaa juu yake. Na mashine, ambayo haikuagizwa kuuliza, ikafuta la chini ili la juu lipate nafasi. Haikubaki nakala, maana alihamisha, hakunakili. Hakukuwa na karatasi, maana zilisagwa. Pengine matangazo yaliyobandikwa mlangoni pa Jumba yalikuwa na unga wa uso ule.

Akageuza kioo kidogo, mama asione. Akasema picha haijaonekana bado, asubiri.

"Basi nitarudi leo," alisema Bi Siwatu, kwa sababu kesho lilikuwa neno lisilo na kazi tena.

Akarudi leo. Akarudi tena leo. Kila mara alisimama foleni kama watu wengine, hakutumia umama wake kupenya, na kila mara mwanawe alimwita mwenzangu na kumwambia asubiri. Foleni yenyewe ikazidi kurefuka, na Sikudhani akaanza kuwatambua waliomo: ni watu wa nyumba zilizokuwa na zaidi ya mtoto mmoja. Waliokuwa na watoto hai hawakuhangaika, wangewapiga picha nyingine. Waliokuja dirishani ni wale ambao mtoto mmoja alikuwa chini ya ardhi.

Alikaa mbele ya kompyuta milango ikiwa imefungwa, akabishana na mtu asiyekuwapo.

Si mimi, ni mstari. Mstari uliandikwa na nani? Niliandika, lakini sikukusudia. Kidole chako kilikuwa kimenyooka. Kilikuwa kimenyooka, ndiyo. Kikakunjwa na nani? Nilikuwa naangaliwa. Sasa nani anakuangalia? Hakuna. Basi kwa nini hukinyooshi? Kwa sababu nikiitengeneza watajua kwamba nilijua. Kwa hiyo unamlinda nani: Mwenye Siku, au wewe? Mimi ni nani? Picha iliyo juu ya picha. Aliye chini hapumui. Naye ndiye aliyetangulia.

Hatimaye alikwenda kwa Mwenye Siku. Alijiambia kwamba anakwenda kukiri, lakini kweli yake ni kwamba alitaka kuadhibiwa, kwa kuwa adhabu ina mwisho. Alimkuta anakula peke yake barazani. Katika sahani yake mlikuwa na maharage, yameiva, yamelainika mpaka maganda yamefunguka. Sikudhani aliyatazama maharage yale kabla ya kumtazama mtu, na akaelewa kwamba katika Mji mzima ni mtu huyu peke yake aliyekuwa na wakati.

Alisema yote akiwa amesimama: tarehe mbili, neno moja, watoto waliofunikwa. Alisema jina lake mwenyewe ni ushahidi, maana hakuna anayeitwa Sikudhani bila kuwapo aliyemtangulia. Mwenye Siku alitafuna mpaka akamaliza, akafuta vidole.

"Nilijua," alisema. "Mimi nina mama pia. Ulidhani naamini kwamba mimi na yeye tulizaliwa siku moja?"

Mwenye Siku alisukuma sahani mbele kidogo.

"Nilitaka kujua watu wa Mji huu wataniachia kiasi gani. Sasa najua. Wewe ndiye uliyefungua mlango, wenzako wakaingia. Nenda katengeneze mashine yako ukitaka. Mimi nilichokihitaji nimekwisha kukipata."

Hakumwitia walinzi. Hakumvua hata cheo. Alivuta sahani karibu na kuendelea kula, na Sikudhani alishuka ngazi za baraza akijua kwamba alikuwa hajadanganya mtu yeyote ila wale waliomwamini.

Alirudi Jumbani, akafungua milango yote, akabadilisha neno. Bwana Kitwana alisimama kando, asimzuie wala asimsaidie, kama mtu anayetazama jirani akibomoa ukuta wa pamoja. Skripti ikapita tena juu ya mafaili, safari hii ikiuliza picha ilipigwa lini. Ile folda moja ikapungua. Pembeni zikatokea nyingine, mwaka nyuma ya mwaka, nyingine nene, nyingine na picha mojamoja, zikarudi nyuma mpaka miaka ambayo hakuna aliye hai aliyeiona. Folda ya Mwenye Siku ilikuwa mojawapo, nyembamba kiasi. Haikumpunguzia kitu; aliendelea kutawala.

Nje, jua lilijongea nyuma ya paa la soko. Vyungu vikafurika majikoni. Wazee waliokuwa wakitembea bila mkongojo walishika kuta, umri umewarudia magotini kwa mpigo, na baadhi yao walimlaani aliyewarudishia. Msichana aliyekuwa akibishana bei na ajuza alinyamaza katikati ya neno, akainamisha kichwa, akasema shikamoo, na ajuza akafunika uso kwa viganja kabla ya kuitikia marahaba.

Sikudhani alikaa dirishani. Hakuwaachia makarani. Kila aliyefika alimwambia mwenyewe: picha ilikuwapo, haipo, aliyeifuta ni mimi. Wengine walimtukana, naye akaitikia. Mzee mmoja alimfariji, na hilo lilikuwa gumu kuliko matusi. Alikuja mama wa mapacha, Kurwa na Doto, ambao kati yao Kurwa alifariki. Katika folda ilibaki picha ya mtoto mmoja wa kike. Sikudhani alimwonyesha aliyebaki, akamwambia kwamba yule mwingine ndiye amepotea. Mama yule alisogea karibu na kioo.

"Una hakika huyu ni Doto?" aliuliza.

Hakuwa na hakika. Wala hapakuwa na mtu duniani mwenye hakika, na mama yule alikaa pale akimwangalia mtoto, bila kujua amwite nani.

Foleni ilipokwisha Bwana Kitwana alichukua kile kiti cha safu ya mbele akakipeleka stoo. Sikudhani akaenda nyumbani, kwa njia kubwa, watu wakimwona.

Bi Siwatu alikuwa ukumbini ameketi juu ya mkeka, anachambua mchele kwenye ungo. Hakuwa amerudi dirishani baada ya milango kufunguliwa. Pengine alikwisha jua, pengine alitaka kuambiwa nyumbani. Sikudhani alimwamkia, akaitikiwa. Alibaki amesimama.

"Mama, picha ya Masika nimeifuta mimi. Yangu ndiyo iliyokaa juu yake. Nilijua tangu ulipokuja mara ya kwanza, nikakuita mwenzangu, nikakwambia usubiri."

Vidole vya Bi Siwatu viliendelea kutafuta mawe, vikapata moja, vikalitupa uani. Sikudhani alingoja kilio, au kufukuzwa, au ile kauli ya kina mama kwamba yamekwisha mwanangu, na alijua kwamba hiyo ya mwisho asingeistahimili. Haikuja hata moja. Mama aliuweka ungo pembeni.

"Kaa pale penye mwanga," alisema.

Akakaa. Bi Siwatu alisogea mpaka magoti yao yakagusana, akamshika kidevu, akauinua uso wake kama mtu anayekagua chungu kabla ya kukinunua. Sikudhani alitaka kuinamisha macho. Mwili mzima ulimsihi ainamishe macho. Hakuinamisha.

"Pua siyo," mama alisema. "Pua alichukua ya babako. Wewe una yangu."

Akapitisha kidole kwenye paji la uso, polepole, akifuata mfupa. Akatikisa kichwa. Paji la Masika lilikuwa pana zaidi, alisema, na hapa katikati palikuwa na mshipa uliosimama akilia. Mdomo akaukawilia, akaufunika nusu kwa kiganja, akautazama wa juu peke yake, kisha wa chini peke yake. Siyo. Macho alikuwa anakaribia kuyakubali, halafu akasema hapana, yale yalikuwa yakicheka yakiwa yamefumba.

Akamgeuza uso pembeni, akaondoa nywele kidogo, na hapo vidole vyake vikatulia.

"Sikio," alisema. "Sikio labda."

Sikudhani alikaa shingo imepinda, huku mama yake akilitazama sikio lake na kulishika kwa ncha za vidole, kama kitu cha mtu mwingine alichowekeshwa. Alipoona mama ametosheka na hilo, aligeuza shingo mwenyewe, bila kuambiwa, akampa na la pili.